Lori Lililotembea Asubuhi

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumanne, lori jekundu lenye jina la Gody liliwasha taa na kutoka kwenye yadi ya mpakani. Theluji ilikuwa inaanguka. Lori hilo lilikuwa ndani ya simu, na aliyeshika usukani hakuwa Gody. Alikuwa Bhoke, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, Buhare, pembezoni mwa mji wa Musoma.

Gody mwenyewe alikuwa Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu. Ndivyo Bhoke alivyojua asubuhi ile, na alichokijua kilikuwa kweli.

Walikuwa watu watatu. Bhoke na Gody walisoma sekondari moja Bunda, dawati moja kwa miaka miwili. Wa tatu alikuwa Thadeo, kaka yake Gody, fundi wa injini za mitumbwi kule Kisorya, karibu na kivuko cha kwenda Ukerewe. Kazi iliwatawanya, simu ikawarudisha pamoja. Kundi lao la WhatsApp waliliita Vidole, na lilikuwa na shughuli moja tu: kila jioni kila mtu alitoa ripoti ya mchezo anaocheza. Umefika wapi, umeona nini kizuri, kipi kimekuudhi. Mambo ya kazi hayakuruhusiwa. Sheria hiyo aliiweka Bhoke, baada ya wiki nzima ambayo Thadeo aliwalalamikia bei ya petroli kila jioni mpaka hakuna aliyejibu.

Bhoke alikuwa anacheza mchezo wa mji uliovamiwa na wafu. Ripoti zake zilikuwa fupi, kama za mkaguzi.

"Wafu wa mtaa wa tatu wanapita ukutani," alisema jioni moja. "Huo si uhodari wao, ni uzembe wa aliyeutengeneza. Ila mvua yao nimeikubali. Imepiga juu ya bati nikatoka nje kuanua nguo, nakuta jua."

Thadeo alikuwa na timu ya mpira aliyoiongoza kama kocha. "Nimenunua kipa mrefu kama mlingoti," aliripoti. "Anadaka hewa. Mpira unapita chini yake, yeye bado yuko juu. Nafikiri kumgeuza awe nguzo ya kona."

Gody alipenda malori. Mchezo wake haukuwa na adui wala risasi. Unapewa mzigo, unaendesha kutoka mji mmoja wa baridi hadi mwingine, unashusha, unapewa mwingine. Bhoke aliujaribu mara moja akaona hauna maana. Lakini alizihifadhi ripoti za Gody, kwa sababu alielezea vitu ambavyo yeye hakuviona.

"Jana nimesimamisha lori katikati ya daraja," Gody alisema katika moja ya ripoti hizo. "Nikafungua kioo. Kuna upepo, kwa mbali kuna ndege analia, simwoni. Mbingu yao kubwa kweli. Nikakaa tu. Wa nyuma kapiga honi mpaka kachoka, kaniacha."

"Kumbe foleni zote za dunia ni wewe ndo unasababishaga," Thadeo alijibu.

"Kaka, wewe endesha mashua zako."

"Mashua siendeshagi, natengeneza. Dereva ni wewe, tena wa hovyo."

Thadeo naye alikuwa na lori kwenye mchezo huohuo, na hapo ndipo ndugu hao walipokuwa wanashindana. Mchezo ulihesabu siku ambazo dereva hakukosa kupeleka mzigo. Ukiruka siku moja, hesabu inarudi sifuri. Wote wawili walikuwa wamepita siku mia. Makubaliano yalikuwa kwamba atakayekatika kwanza atamchotea mama yao maji ziwani sikukuu nzima ya Krismasi, ndoo kichwani, mbele ya mashemeji wote.

Gody alipohamishiwa zamu ya usiku, alimpigia Bhoke simu, si kwenye kundi bali pembeni.

"Dada Bhoke, nishikie usukani. Chini hakuna mtandao, nikitoka nimechoka kama punda, nalala mpaka jioni. Siku itanipita."

"Na kaka yako?"

"Asijue. Akijua atanicheka mpaka naoa."

"Huo ni udanganyifu, Gody."

"Ni maji ya mama, si mtihani wa taifa. Andika nenosiri."

Bhoke aliliandika. Halikuwa jambo kubwa. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, alifungua akaunti ya Gody, akapeleka mzigo mmoja, akafunga. Thadeo, akiwa Kisorya, aliona kwenye ramani ya marafiki kwamba lori la mdogo wake limetembea, na jioni alimtania kwenye kundi. Gody, akiwa kwenye foleni ya chakula kabla ya kushuka, alijibu matani hayo kana kwamba siku nzima alikuwa barabarani.

Jumanne ile mzigo ulikuwa wa mbao. Njia ilipita mlimani na Bhoke hakuipenda. Aliendesha polepole, akashusha mzigo, akapata nyota mbili kati ya tano kwa sababu ya kugusa ukingo. Alipofunga mchezo, simu ilimwarifu kwamba bando limekwisha. Mchezo wa malori ulikuwa unakula bando kuliko ule wa wafu. Aliamua kununua jingine jioni. Siku hiyo ilikuwa ya chanjo, na mwenye duka alikuwa tayari nje na boksi la barafu, anamwita.

Walishinda kwenye mazizi. Kazi ya Bhoke ilikuwa kukoroga dawa, kujaza bomba la sindano, na pale ambapo mfugaji alikuwa peke yake, kushika pembe. Alikua katika boma la ng'ombe Kuryani na pembe hazikumtisha. Karibu na adhuhuri simu iliita mfukoni wakati amemshika mtamba aliyekuwa anajirusha. Iliita mpaka ikakata. Baadaye alitazama akaona ni Thadeo. Aliwaza kwamba kaka huyo ameona zile nyota mbili na anatafuta mtu wa kumcheka Gody naye. Hakumpigia.

Yaliyotokea Buhemba Bhoke aliyapata baadaye, sehemu kwa Thadeo, sehemu kwa Silasi mwenye duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa anachimba Gody, sehemu kwa Wankyo aliyekuwa anapika chakula kando ya machimbo. Aliyalinganisha, akaacha yale ambayo mmoja alisema na wawili wakakana. Yaliyobaki ni haya.

Alfajiri ya Jumanne, kabla hakujapambazuka, ukuta wa mashariki wa duara la Silasi ulisukuma matimba, yale magogo yanayoegemeza kuta, na kifusi kikashuka. Zamu ya usiku ilikuwa bado chini. Silasi hakuwa na utaratibu wa kuandika majina. Utaratibu wake ulikuwa ndala. Kila anayeshuka anavua ndala zake mdomoni mwa duara, anavaa mabuti, na akitoka anavaa ndala zake anaondoka. Ukitaka kujua wangapi wako chini, unahesabu ndala. Utaratibu huo ulikuwa umemtosha kwa miaka mingi, na machimbo yote ya jirani yalifanya vivyo hivyo.

Asubuhi ile pale mdomoni kulikuwa na pea nne.

Walichimba kutokea juu na kutokea duara la jirani kwa pamoja. Hadi saa nne walikuwa wametoa watu watatu, wawili wazima, mmoja amekufa. Wale wawili hawakuwa na uhakika wa lolote. Mmoja alisema Gody alikuwa nyuma yao. Mwingine alisema Gody alikuwa ametoka mapema kwenda kunywa maji, au huyo alikuwa mwingine. Silasi alipiga simu ya Gody, haikupatikana. Akampigia Thadeo.

Thadeo alikuwa Bunda kununua vipuri, kwa hiyo hakuchelewa. Kwenye pikipiki, njia nzima alipiga namba ya mdogo wake na kukuta imezimwa. Alipofika mdomoni mwa duara alifanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote pale asingelifikiria. Alifungua mchezo.

Lori la Gody lilikuwa limetembea. Lilitoka yadi ya mpakani baada ya saa mbili asubuhi na kushusha mzigo wa mbao.

"Mzee," alimwambia Silasi, "mdogo wangu hayumo humu."

Silasi alimwonyesha ndala. "Pea nne. Watu watatu."

"Ndala za bluu hizi kila mtu anazo. Hata mimi ninazo. Tazama hapa. Shimo limeshuka saa ngapi?"

"Kabla ya jua."

"Lori lake limetembea saa mbili. Mtu aliye chini ya ardhi anaendeshaje?"

"Mimi hayo ya lori siyajui, mwanangu. Wewe ndugu yake. Unasema hayumo?"

"Hayumo. Simu yake inafanya kazi, laini ndo kazima. Hawa vijana wakimkimbia bosi wanabadilishaga laini. Si mlikuwa mmegombana?"

Silasi alikiri kwamba walikuwa wamegombana, juu ya matimba. Gody alisema yameoza, yeye akasema yatafika mwisho wa mwezi.

Wankyo, aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi, alisema, "Huyo kijana amekula kwangu jana jioni. Kasema anashuka."

"Jana jioni si leo asubuhi, mama," Thadeo alimjibu.

Kifusi kilikuwa bado kinadondoka, na maji yalikuwa yameanza kuchuruzika upande wa chini. Kumshusha mtu mle kulikuwa kumweka kwenye hatari, na Silasi hakutaka kuhatarisha wazima kwa ajili ya shimo lisilo na mtu. Thadeo alimpigia Bhoke mara moja ili kuulizia, simu haikupokelewa. Aliandika kwenye kundi. Kisha akatazama tena ramani ya marafiki, na lori lilikuwa palepale, limeegeshwa, limewashwa taa ndogo.

Saa sita mchana kamba zilivutwa juu na kukunjwa. Ndala ziliachwa pale zilipokuwa.

Jua likiwa limeelekea ziwani, Bhoke alirudi dukani, akanawa mikono kwa dawa, akanunua bando. Ujumbe uliingia kwa mfululizo, wote wa Thadeo.

*Duara la kina Gody limeshuka. Niko Buhemba.*

*Msiwe na wasiwasi. Mjinga kakimbia kazi. Lori lake limetembea asubuhi, nimeliona kwa macho yangu.*

*Bhoke umeongea naye? Kama kakuomba umfichie, mwambie mama analia.*

*Gody ukisoma hii piga simu. Sitakucheka.*

Alisoma mara mbili. Mara ya kwanza alisoma kama mtu anayepokea habari. Mara ya pili alifika kwenye neno lori na hakuendelea. Mteja aliyekuwa anaulizia dawa ya kupe alimwambia tena anachotaka. Bhoke alipiga simu akiwa bado anamtazama mteja huyo usoni.

Thadeo alipokea upesi. Nyuma yake wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa Mwanza.

"Bhoke. Amekupigia?"

"Kaka, uko wapi?"

"Stendi Bunda, namtafuta huyu kichaa. Nimeonyesha picha yake kila basi. Nikimkamata nitamtandika, halafu nimnunulie soda."

"Kaka, lile lori niliendesha mimi."

"Lori gani?"

"La Gody. Asubuhi. Akaunti yake ninayo. Wiki yote hii naendesha mimi."

Wapiga debe waliendelea. Mmoja alikuwa anamtukana mwenzake kwa kumnyang'anya abiria.

"Usinitanie, Bhoke. Leo usinitanie."

"Sikutanii. Nenosiri alinipa mwenyewe. Mzigo ulikuwa mbao, nimegusa ukingo mlimani, nimepewa nyota mbili."

Alitaja nyota kwa sababu alijua Thadeo alikuwa ameziona, na kitu pekee ambacho kingemfanya aamini ni jambo ambalo yeye mwenyewe ameliona.

"Kwa nini hukuniambia?" Thadeo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, si ya hasira.

"Alisema usijue. Kwa ajili ya maji ya mama."

"Kwa hiyo zile ndala," Thadeo alisema, na simu ikakatika.

Walianza kuchimba upya jua likiwa linazama. Silasi alirudi na watu wake bila kubishana na mtu, na maduara matatu ya jirani yalileta watu pia. Lakini saa zilizopita katikati zilikuwa zimefanya kazi yake. Maji yalikuwa yamejaza njia ya chini, na kile walichokuwa wamekifukua asubuhi kilikuwa kimejifukia. Ilibidi waweke matimba mapya kwanza.

Bhoke aliondoka Musoma asubuhi iliyofuata, akapitia Butiama, akafika Buhemba vumbi likiwa limemjaa nyusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakutukanwa. Thadeo alikuwa kwenye winchi ya kuvutia kamba, anazungusha mpini na watu wengine wanne, viganja vimechubuka. Alimwona, akainamisha kichwa kama mtu anayesalimia jirani kanisani, akaendelea kuzungusha.

Bhoke hakuwa na kazi ya kufanya pale. Alimsaidia Wankyo kumenya viazi na kubeba uji kwa wachimbaji. Pea moja ya ndala za bluu ilikuwa mdomoni mwa duara, kila mtu anaizunguka bila kuikanyaga. Mkanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umekatika na kufungwa kwa waya mwekundu wa umeme.

"Huo waya aliuombaga kwangu," Wankyo alisema. "Wiki iliyopita. Nilimwambia nunua ndala mpya, baba. Akasema hizi bado zina safari."

"Hilo ulimwambia kaka yake jana?"

"Nilisema amekula. Waya sikuukumbuka." Aliendelea kumenya. "Na ningeukumbuka, mimi na simu nani angesikilizwa?"

Bhoke alichukua kiazi kingine. Alikuwa analijua jibu lake: simu. Hata yeye, kama angekuwa mgeni pale, angechagua simu. Ndala zinaweza kusahaulika au kubadilishana. Lori haliwezi kujiendesha. Thadeo alikuwa amefikiri sawasawa kila hatua, na kila hatua ilisimama juu ya kitu kimoja ambacho Bhoke alikifanya akiwa amekaa, huku anakunywa chai.

Mchana ule, Thadeo alipopumzika, alikuja kukaa karibu naye kwenye gogo.

"Aliendeshaga vizuri?" aliuliza. "Alipokuwa anaendesha mwenyewe."

"Vizuri. Nyota tano karibu zote."

"Mimi napataga tatu." Alijipangusa uso kwa shati. "Mimi nilikuwa nacheza ili nimshinde tu. Ule mchezo siupendi. Baridi, hakuna watu."

"Hata mimi siupendi."

"Anasema una mbingu."

"Ndiyo. Alisema."

Walimwita kwenye winchi, akaenda.

Alhamisi asubuhi walifika alipokuwa Gody. Alikuwa kwenye njia ya pembeni, upande wa kulia, nyuma ya gogo lililokaa kimshazari na kuacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Hakuwa amepondwa. Mguu mmoja ulikuwa umebanwa. Kucha za mikono yote miwili zilikuwa zimekwisha, na ukuta mbele yake ulikuwa umechimbwa kwa kina cha kiwiko. Maji yalikuwa yamefika kifuani kabla hawajayatoa kwa pampu. Silasi alishuka mwenyewe kumfunga kamba. Alipomfikisha juu alizichukua zile ndala, akazipangusa, akaziweka miguuni mwa maiti kwenye turubai. Kisha akaenda kusimama mbali.

Simu ilikuwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa juu, kwenye ufa wa ukuta, mahali ambapo maji hayakufika. Ilikuwa imekwisha chaji. Wankyo aliiunganisha kwenye betri ya sola aliyokuwa anachajia simu za wachimbaji. Ilipowaka, Thadeo alimpa Bhoke.

"Unajua namba yake ya kufungulia?"

Ilikuwa ileile ya nenosiri la mchezo. Bhoke aliiandika. Ndani ya kundi la Vidole, chini ya matani ya Jumatatu jioni, kulikuwa na ujumbe mmoja wa sauti wa Gody ambao haukuwa umetoka kwa kukosa mtandao. Pembeni yake palionyesha siku na saa uliporekodiwa: Jumanne, saa nane na dakika arobaini mchana.

Thadeo aliisoma saa hiyo. Bhoke alimwona anaisoma. Kisha mtandao wa machimbo, ambao ni hafifu, ulishika, na ujumbe ukaondoka. Simu ya Bhoke ilitetemeka mfukoni, ya Thadeo ikatetemeka kwenye suruali yake.

Bhoke aliufungua kwenye simu yake, sauti ikiwa chini, ameiweka sikioni.

"Ripoti ya leo," Gody alisema. Alikuwa anaongea taratibu, bila kupaza sauti, na nyuma yake maji yalisikika yakidondoka. "Sina kipya, sijacheza. Dada Bhoke, kama umeendesha leo, njia ya mlimani usipite, tairi za nyuma zimekwisha, pitia ziwani. Pale kwenye daraja simama kidogo. Najua tulisema kazi tusiongelee. Mara moja tu. Kaka, umeshinda, alikuwa ananiendeshea Bhoke, maji nitachota mimi. Asubuhi nilikuwa nawasikia wanachimba, karibu kabisa, upande wa kulia kwangu. Nikawa nagonga. Sasa hivi wametulia." Maji yakadondoka. "Nadhani wameenda kula."

Ujumbe uliishia hapo. Kwenye simu ya Gody, chini ya ujumbe, zilitokea tiki mbili za kijivu. Kundi lilikuwa na watu watatu, na tiki hazigeuki bluu mpaka wengine wote wawili wafungue. Bhoke alikuwa amefungua. Gody alizikwa Kisorya Jumamosi, na mpaka wanaondoka makaburini tiki zilikuwa bado za kijivu.